Barua kwa Shangazi: "Stresi" ni gunia, tulifungue

Mitihani ikikaribia, mimi huijua kwa uzito wa barua. Mwezi huu zimekuja nyingi, karibu zote za wanafunzi wa vyuo vikuu, na karibu kila moja ina neno "stresi" kabla hujafika mstari wa tatu. Nimechagua sita. Nimezifupisha, nimetoa kila kinachoweza kumfichua mwandishi, na majina ya utani wamejichagulia wenyewe.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwa miaka mingi, kwenye chumba chenye viti viwili na saa ya ukutani iliyokuwa ikichelewa dakika saba. Sikuwahi kuirekebisha, maana ilinipa kisingizio cha kumwongezea mtu muda. Kazi nimestaafu. Maneno bado.

PUMZI ILINITIA KIZUNGUZUNGU

Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa pili. Kusoma nasoma, tena wenzangu huniita niwaeleweshe mada zilizowashinda. Lakini siku ya mtihani, nikigeuza tu karatasi ya maswali, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho na yote niliyosoma yanayeyuka. Muhula uliopita mtu alinishauri nivute pumzi ndefu. Nikavuta, nikavuta, mpaka vidole vikafa ganzi na kichwa kikaanza kuzunguka, nikajua leo naanguka mbele za watu. Sasa naogopa mtihani na pumzi pia naiogopa. Nifanyeje?
Karatasi Nyeupe

Marahaba, mwanangu. Pole, na karibu chamani, maana mimi mwenyewe lilinipata hilo. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasubiri zamu yangu ya mtihani wa kujibu kwa mdomo. Mahali fulani nilikuwa nimesoma kwamba pumzi hutuliza, nikaona hapo mlangoni ndipo pa kujaribu kwa mara ya kwanza maishani. Nikavuta hewa kama mtu anayejaza puto. Jina langu lilipoitwa midomo ilikuwa inachonyota, na swali la kwanza nililijibu nimeng'ang'ania mkono wa kiti. Mtahini mmoja aliniuliza kama naumwa.

Kilichotupata sote wawili si ugonjwa. Ukihema kwa nguvu na kwa haraka, unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Gesi hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hujibana, ndipo kichwa kinapozunguka. Vidole na midomo navyo hufa ganzi. Sasa wewe tayari una hofu, unaona na ganzi juu yake, unahesabu kwamba mambo yameharibika zaidi. Hofu inazaa hofu.

Aliyekushauri alikuwa na nia njema, ila alikupa nusu ya maelekezo. Kila mtu anasema "vuta pumzi", wakati utulivu uko kwenye kuitoa. Lugha yetu iliyajua haya zamani: mtu akipata nafuu hatusemi amevuta pumzi, tunasema ameshusha pumzi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo yanaposikika, upumue taratibu. Wengi, hasa vijana, watasikia mapigo yakiharakisha kidogo wanapovuta hewa na yakilegea wanapoitoa. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo ikashuka hadi moyoni na tumboni. Ukirefusha kutoa, unaupa moyo nafasi ya kwenda polepole.

Basi vuta kwa pua huku ukihesabu 4, hewa ya kawaida tu, usijaze kifua. Toa ukihesabu 6. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyekaa kimya hupumua mara 12 hadi 20. Mabega yasipande. Ukiona unatamani hewa, umerefusha kupita uwezo wako; punguza, vuta 3, toa 5. Kuna na namna nyingine ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliichapisha mwaka 2023 baada ya kuwafuatilia watu waliofanya mazoezi ya dakika 5 kwa siku kwa mwezi mzima: unavuta kwa pua, unaongezea mvuto mfupi juu yake, kisha unaitoa yote polepole kwa mdomo. Mtoto akimaliza kulia hufanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Kosa letu kubwa, lako na langu, lilikuwa kujaribu kitu kipya siku ya vita. Fanya zoezi hili wiki mbili kabla, mara mbili kwa siku, wakati huna shida yoyote. Mahali pazuri ni ukumbi wa mihadhara kabla mhadhiri hajaingia, umekaa kwenye kiti kama kile kile utakachokalia siku ya mtihani. Mwili ujifunze njia ukiwa na nafasi, ili siku ya haraka uipite bila kuuliza.

Siku yenyewe, ukishageuza karatasi, weka kalamu mezani. Usiishike. Nimewatazama wanafunzi wengi kutoka nyuma ya ukumbi, na mwenye hofu utamjua kwa jinsi anavyoibana kalamu mpaka kucha zinageuka rangi. Nyayo zote mbili sakafuni, pumzi nne za namna ile. Ni sekunde 40, mtihani wa saa tatu hautazikosa. Halafu tafuta swali unalolijua, hata likiwa la mwisho, uanze nalo.

Na usijilazimishe kuwa mtulivu kabisa. Moyo unaodunda kwa hofu na moyo unaodunda kwa hamu hudunda vilevile. Jina tu ndilo tofauti. Alison Wood Brooks, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha majaribio mwaka 2014 ambayo watu walitakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu. Waliojiambia kwamba wamesisimka walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Kwa hiyo mlangoni jiambie, "Nina hamu nayo hii." Utajiona mwongo mara ya kwanza. Endelea tu.

Jambo la mwisho, na hili si la hisia. Unawaeleza wenzako mada, vizuri sana, lakini unawaeleza mkiwa mmekaa mnacheka, hakuna saa inayokimbia. Chukua mitihani ya miaka iliyopita, weka kengele kwenye simu, uandike peke yako, kimya, bila daftari. Rudia mpaka ukinai. Sehemu ya hofu yako ni ugeni tu wa mazingira.

SINA LA KUSEMA ZAIDI YA "POA"

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni kijana wa mwaka wa tatu. Aliyekuwa mpenzi wangu ameniacha akisema sina akili ya hisia. Akiniuliza najisikiaje, nilikuwa namjibu "poa", na siku mbaya "nina stresi". Nimejichunguza, nikaona kweli sina jibu lingine. Si kwamba nilimficha. Je, hii akili mtu anazaliwa nayo, au kuna pa kuisomea?
Poa Tu

Poa Tu, barua yako niliisoma mara mbili kwa sababu ya sentensi moja: "Si kwamba nilimficha." Nakuamini. Watu wengi wanadhani mwanamume asiyesema anaficha, kumbe mwenyewe akichungulia ndani haoni kitu, anaona ukungu.

Neno hilo ulilotupiwa, "akili ya hisia", lina historia fupi. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani, ndio waliolieleza kitaalamu, na miaka mitano baadaye Daniel Goleman, mwandishi wa habari, akalifanya maarufu duniani. Salovey na Mayer baadaye waliigawa akili hii katika stadi nne: kuitambua hisia kwako na kwenye uso au sauti ya mwenzako, kuitumia hisia ikusaidie kufikiri, kuielewa inatoka wapi na inaelekea wapi, na kuiongoza. Nimesema stadi. Kuna waliojaliwa zaidi, kama kwenye kila kitu, lakini stadi hufundishika.

Wewe umekwama mlangoni kabisa, kwenye kuitambua na kuipa jina. Na hapo ndipo nina ugomvi wangu wa siku nyingi na hili neno "stresi". Ni gunia. Mtu anatia humo hofu, uchovu, wivu, aibu, upweke, anafunga kamba, anabeba mgongoni, halafu anashangaa kwa nini ni zito. Mbaya zaidi, kila kilichomo kina dawa yake, na gunia zima halina.

Nikupe mfano. Msichana mmoja alikaa kwenye kiti changu cha pili karibu nusu saa akirudia kwamba ana stresi ya masomo. Nikamwuliza, mwilini iko wapi? Akashika koo. Nikamwuliza, kooni pana nini? Akasema kama mtu anayetaka kusema kitu na ameziba. Kumwambia nani? Hapo akalia. Mhadhiri alikuwa amesoma kazi yake mbele ya darasa zima kama mfano wa kazi mbovu, akisahau kuficha jina. Ile haikuwa hofu ya masomo hata kidogo. Ilikuwa fedheha, na chini yake hasira. Laiti ningemfundisha kupumua tu siku ile, ningekuwa nimempangusa vumbi mtu aliyevunjika mguu. Alichohitaji ni kwenda kuzungumza na yule mhadhiri, na tukakaa tukapanga maneno.

Sasa tazama utajiri ulioachwa ukae bure. Kuna wasiwasi, ambao unajua unatoka wapi, na kuna jakamoyo, pale roho inapokuwa juu na hujui kwa nini. Hasira huwaka ikazima. Kinyongo ni kile kilichobaki kikifuka. Wivu ni kuogopa kunyang'anywa ulicho nacho, husuda ni kuumia kwamba mwenzako anacho, ingawa mitaani tunayachanganya. Hisia ya haya hukuzuia kabla hujatenda, aibu huja baada, na fedheha inahitaji watazamaji. Upweke unaweza kukupata kwenye bweni lenye watu mia mbili. Kuna kero, unyonge, kukata tamaa, majuto, simanzi. Mtu mwenye maneno haya yote mdomoni halafu anajibu "poa" ni kama mwenye funguo mfukoni aliyelala mlangoni.

Huu si urembo wa lugha. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo na kuwaonyesha nyuso zenye hasira au hofu. Walipoitaja hisia ya uso ule kwa neno, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka haraka, ilipunguza shughuli zake, na sehemu ya mbele inayohusika na kujizuia ikaongeza zake. Kuchagua tu jina la mtu wa pichani hakukuleta mabadiliko hayo. Neno linaloitaja hisia ndilo lililofanya kazi.

Zoezi lako ni la wiki moja. Mara tatu kwa siku, andika kwenye simu mambo matatu: neno, mahali mwilini, sababu. "Kero, mabegani, nimesubiri foleni ya maktaba." "Upweke, tumboni, wamekula pamoja hawakuniita." Ni marufuku kutumia "stresi", "poa" na "vibaya". Ukikosa neno, anza na mahali mwilini, neno litafuata. Siku mbili za kwanza utaandika vitu vya kipuuzi na utanilaani. Siku ya nne hivi utashangaa kuona neno moja limejirudia mara nyingi, na hilo ndilo la kushughulikia.

Kuhusu yule aliyeondoka: tafadhali usimpelekee orodha ya maneno.

NIMEPATA ASILIMIA 92

Shangazi, nimefanya jaribio la akili ya hisia kwenye simu nimepata asilimia 92. Naweza kuiandika kwenye maombi ya kazi?
Tisini na Mbili

Hapana, mwanangu. Vipimo vingi vya aina hiyo vinakuuliza wewe jinsi unavyojiona, na vile vinavyokupa kazi ya kufanya, kwa mfano kutambua hisia kwenye picha ya uso, mara nyingi havikubaliani navyo. Carolyn MacCann wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walikusanya tafiti zenye wanafunzi zaidi ya 42,000 na kuzichapisha mwaka 2020. Walikuta kwamba akili ya hisia na matokeo ya masomo vinaendana, kwa kiasi kidogo, na uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi ilipopimwa kwa kazi kuliko kwa kujieleza. Kama unataka alama ya kweli, muulize unayelala naye chumba kimoja bwenini. Atakupa bure.

NATULIA, HASIRA HAIISHI

Shangazi shikamoo. Tuko watano kwenye kazi ya kikundi. Mmoja hajaandika hata aya, haji vikaoni, ila jina lake liko juu na atapata alama kama sisi. Nimefuata ushauri wote: napumua, nasikiliza sauti za mawimbi kwenye simu, natulia kabisa. Asubuhi nikimwona tu, hasira iko palepale. Natulia vibaya?
Wa Tano Hayupo

Marahaba. Unatulia vizuri sana, tatizo ni kwamba umeipa pumzi kazi isiyo yake. Hasira yako iko sahihi. Imekuja kukuambia kwamba hapa pana dhuluma, na itaendelea kubisha hodi mpaka ufungue. Sipendi hata kidogo namna mazoezi ya kutulia yanavyouzwa siku hizi kana kwamba ni sabuni ya kufuta kila hisia. Unatulia ili mdomo ufanye kazi vizuri, halafu unautumia.

James Gross, mwanasaikolojia wa Stanford, alionyesha kwamba mahali unapoishika hisia pana maana. Unaweza kuishika mapema: ukabadili hali yenyewe, au ukabadili namna unavyoitazama. Au ukaishika mwishoni kabisa, imeshapanda, ukaibana usoni isionekane. Huku kwa mwisho kunaitwa kukandamiza na kuna gharama. Katika majaribio aliyofanya na Jane Richards, yaliyochapishwa mwaka 2000, watu walioambiwa wasionyeshe hisia zao walikumbuka machache kuliko wenzao kuhusu yale waliyokuwa wakiyatazama na kuyasikia. Ukikaa kikaoni umekaza uso saa nzima, ujue na mada inakupita.

Wewe bado unaweza kuibadili hali. Usimwandikie kwenye kundi la WhatsApp usiku, mbele ya wengine watatu; hapo atajitetea, na mwenye kujitetea hasikii. Mtafute ana kwa ana, mchana, baada ya kupumua dakika moja. Anza kwa kuuliza, kwa sababu kweli hujui: "Sijakuona vikaoni mara tatu. Kuna jambo?" Nyamaza, msikilize. Nimewahi kukuta "mvivu" aliyekuwa anauguza mzazi na hajamwambia mtu. Akishasema, sema lako: "Mimi nimekereka, kwa sababu sehemu yako nimeiandika mimi mara mbili. Nataka sura ya pili iwe yako, na tuione Alhamisi. Isipofika, tutamweleza mhadhiri nani aliandika nini." Neno "nimekereka" ni bora kuliko "wewe huna adabu", maana la kwanza ni habari zako na hakuna wa kulipinga.

Alhamisi ikifika bila sura, nenda kwa mhadhiri kama ulivyosema. Ukitishia na usitende, umemfundisha kwamba maneno yako ni upepo.

TAYA IMEKAZA USIKU KUCHA

Shangazi, nipo mwaka wa mwisho, naandika tasnifu. Nikizima taa saa sita, saa nane niko macho. Asubuhi taya inauma kama nimetafuna mawe. Mawazo hayazimiki. Kuna zoezi lisilohitaji "kufikiria bahari"? Nimechoka na bahari.
Taya

Mimi pia nimechoka na bahari, Taya. Lako lipo, na ni la zamani: Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alilieleza kitabuni mwaka 1929. Hoja yake ilikuwa nyepesi, kwamba akili haiwezi kuwa na fadhaa kamili ndani ya mwili ambao misuli yake imelegea kabisa. Njia yake ilikuwa ndefu mno, ya miezi, mpaka Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini, akaifupisha katika miaka ya 1950 ili aitumie kutibu hofu.

Lala chali. Kunja ngumi ya kulia, si kwa nguvu zako zote, robo tatu inatosha. Hesabu hadi 6, na usikilize: mkazo unapanda mpaka kwenye kigasha, vidole vinaanza kutetemeka kidogo. Kisha achia ghafla, kama aliyeangusha kitu, usikunjue polepole. Sasa tulia nusu dakika usifanye lolote, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mkono unakuwa mzito, pengine wenye joto, kama si wako. Linganisha na wa kushoto. Ukishaijua ile tofauti kati ya kukaza na kulegeza, umeshaijua nusu ya elimu ya Jacobson, kwa sababu mtu hawezi kulegeza mkazo asioujua kuwa upo. Wewe hukujua kama taya imekaza mpaka asubuhi ilipouma.

Endelea hivyo hivyo: ngumi ya kushoto, mikono ya juu, paji la uso, macho, taya, mabega yakivutwa hadi masikioni, tumbo, mapaja, nyayo. Kwenye taya usiume meno. Bonyeza ulimi juu ya kaakaa, achia, uache midomo ifunguke kidogo. Kiungo chenye jeraha kipite. Yote ni kama robo saa, na wengine hulala kabla hawajafika magotini, nami sijaona aliyelalamika.

Mchana jiulize kila ukigeuza ukurasa: meno yangu yanagusana? Ukiwa huli wala huzungumzi, hayapaswi kugusana. Na tasnifu isifunguliwe tena baada ya saa nne usiku. Najua utaifungua. Lakini usiseme sikukuambia. Taya ikiendelea kuuma wiki kadhaa, kamwone daktari wa meno, huenda unasaga meno usingizini.

NIKIFUMBA MACHO NDIO NAZIDI

Shangazi, wote wanasema kutafakari kimya kunawasaidia. Mimi nikifumba macho tu na kutazama pumzi, moyo unaanza kwenda mbio na yanakuja mambo ambayo sitaki kuyaona. Nina wiki kama tatu sasa. Darasani siendi sana. Chakula hakipandi. Wakati mwingine nalala natamani nisiamke. Naona mimi ndiye ninayekosea.
Bila Jina

Mwanangu, barua hii imekuja mwisho ukurasani, lakini ndiyo niliyoijibu kwanza, moja kwa moja kwako, siku ileile ilipofika. Naijibu na hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu najua hauko peke yako.

Hukosei. Wapo watu ambao kutulia kwenyewe huwashtua, na wataalamu wamelijua hilo tangu watafiti wawili, Heide na Borkovec, walipoliandika mwaka 1983. Mtu aliyezoea kujilinda akilegeza mwili anahisi ameacha mlango wazi, au akinyamaza yanajitokeza yale ambayo shughuli ilikuwa ikiyazuia. Kwa sasa acha kufumba macho. Ukitaka utulivu, tembea nje ukihesabu hatua, macho wazi, au nawa mikono kwa maji ya baridi ukiyasikiliza. Hakuna mtihani wa kutafakari, na hakuna anayefeli.

Lakini hayo ni madogo. Wiki tatu bila hamu ya chakula, bila darasa, na unatamani usiamke: hilo si jambo la mazoezi ya kupumua, na mtu yeyote akikuambia ni la mazoezi, hata akiwa mimi, usimsikilize. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa kuzama kwenye huzuni, na sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Wataalamu hawasubiri hata wiki hizo tatu. Wiki mbili zinatosha kutaka mtu aonekane. Mwambie mtu mmoja leo, usingoje ujisikie vizuri kwanza. Unayelala naye chumba kimoja, dada, mlezi wa bweni, yeyote. Sentensi ni ileile uliyoniandikia: "Natamani nisiamke." Isome kwenye simu kama mdomo hautaki. Mwombe akusindikize zahanati ya chuo au kwa mshauri, na mawazo ya kujidhuru yakikujia kwa nguvu, usikae peke yako, nenda hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo.

Na ninyi mnaolala naye chumba kimoja: akiwaambia, msimwambie kuna wenye shida zaidi. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Vaeni viatu, mwende naye.

Mlango wa mshauri mkiukuta umefungwa, gongeni kwa nguvu. Nilipokuwa kazini, mara nyingi tulikuwa ndani tunaandika ripoti.